Nilivyostaafishwa Kazi ya Foleni

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, naandika haya nikiwa mstaafu. Msicheke. Najua niko kidato cha tatu, na ndevu zangu bado zinafanya mkutano kama zitoke au zisubiri mwakani. Lakini mtu akifanya kazi moja tangu darasa la tano, halafu siku moja wazee wamwambie "sasa kaa, pumzika", huyo amestaafu, na mstaafu ana haki ya kuwapigia vijana kelele. Kazi yangu ilikuwa foleni. Juzi nimewaona pale duka la ushirika mmebeba mawe kama watu wanaokwenda kuua nyoka, nikasikitika. Kaeni chini niwaeleze.

Foleni mnaijua kwa sura tu. Ikinong'onwa kwamba gari la sukari litakuja kesho, mstari unaanza leo. Hakuna mwenye miguu ya kusimama siku nzima, kwa hiyo unaweka jiwe. Jiwe ndilo wewe. Linakaa pale kwa niaba yako mpaka duka lifunguliwe, nawe unakwenda shule au kuteka maji, na ukirudi unasimama lilipo. Watu wazima wenye kazi zao hawana hata nafasi ya kwenda kuliweka, na hapo ndipo tulipoingia sisi mafundi. Mama mmoja anakutuma, wa pili anaona unatumika vizuri, anakutuma naye, ukija kushtuka una mawe ya mtaa mzima na kila moja unalijua kwa jina la mwenyewe.

Linaonekana jambo jepesi. Jiwe langu la kwanza lilikuwa zuri sana, jeupe, bapa, nimeliokota kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Nilipotoka shule sikulikuta. Nikaja kuliona mlangoni kwa kinyozi, watu wanalikanyaga kuingilia. La pili nikaona nisijipe tabu, nikaweka nusu tofali. Mwenye mkokoteni akalitumia kuzuia gurudumu, akaondoka nalo mpaka Buguruni. Siku hiyo mama alikunywa chai ya chumvi, na mimi nikanywa maneno.

Aliyeniokoa ni Bi Tausi, muuza kashata wa Mtaa wa Sikukuu. Mfupi, mnene wa wastani, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Hakuna foleni Kariakoo ambayo Bi Tausi hakuipanga, na hakuna aliyewahi kumchagua. Alinikuta nalia nyuma ya mstari wa sabuni.

"Umeweka jiwe zuri," aliniambia, "limeposwa. Umeweka tofali, limepata kazi. Jiwe la foleni, mjukuu wangu, linatakiwa liwe na sura kama yako. Mtu akilitazama aseme hapana, hili liacheni."

Tangu siku hiyo nikawa natafuta mawe yenye sura yangu, na hayakupotea tena. Akanifundisha na mengine. Usigombee kivuli cha sasa, tafuta kivuli kitakachokuwapo duka likifunguliwa. Jiwe moja, mtu mmoja. Mwenye mawili ni mlanguzi, hata kama anaswali. Mjue aliye mbele yako na aliye nyuma yako, uwaulizie wagonjwa wao, maana jiwe halina mdomo na hao ndio mashahidi wako. Na kubwa kuliko yote: mkishasimama wenyewe, huondoki mstarini kimyakimya. Ukibanwa na haja unamgeukia wa nyuma yako unamwambia "nishikie", naye anakujibu "nimekushikia". Kwa mdomo, wote wawili. Kutikisa kichwa hakuhesabiwi, kwa sababu mtu anaweza kutikisa kichwa kumbe anafukuza nzi. Ukiondoka bila maneno hayo, nafasi yako imekwenda.

"Ndiyo maana," Bi Tausi alisema, "usiweke pamoja mawe ya watu wasiosemezana. Utaua mtu kwa mkojo."

Nilicheka. Subirini.

Twendeni nyumbani kwetu kwanza. Baba yangu ni mtu wa Lindi, fundi cherehani, cherehani yake iko barazani. Chumba kinachotazamana na chetu anakaa Baba Eliya, mtu wa Kilimanjaro, muuza spea za baiskeli, naye bidhaa zake anazitandaza baraza hiyo hiyo, upande wa pili wa mlango. Zamani wawili hawa kila Jumapili mchana walikwenda dansi pamoja kuisikiliza Mkunguni Jazz. Wakachangishana wakanunua redio, ili katikati ya wiki wasipungukiwe. Halafu bendi ikavunjika. Mwimbaji wao, aliyeitwa Chiriku, aligombana na mpiga solo, aliyeitwa Mashoto kwa kuwa alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Mmoja akahamia Tabora, mwingine Tanga, na mji mzima ukagawanyika kujadili nani alikuwa bendi na nani alikuwa msindikizaji.

"Gitaa bila sauti," baba alisema barazani, "ni waya wa kuanikia nguo."

"Kuimba hata jogoo anaimba," Baba Eliya akajibu, "tena alfajiri, bila kiingilio."

Ilianza hivyo, kama utani. Sijui neno gani lilizidi, nilikuwa darasa la tatu. Ninachojua ni kwamba jioni yake waligawana redio. Baba akabaki na redio, Baba Eliya akachomoa betri akaingia nazo chumbani kwake. Tangu siku hiyo redio haikusema na betri hazikufanya kazi, na wenyewe vilevile. Nami nikapata ajira ya kwanza, kabla hata ya foleni: utarishi. Baba yuko kushoto kwangu, Baba Eliya yuko kulia, na katikati ni mlango tu.

"Salumu," baba anasema, "mwambie huyo wa minyororo kwamba grisi yake inatambaa kuja kwenye kitambaa cha mteja."

Nageuza shingo. "Baba Eliya, shikamoo. Grisi."

"Marahaba. Mwambie mwenye kitambaa aifukuze kwa kuimba."

Nageuza tena. Shingo hii mnayoniita nayo twiga, mimi sikuzaliwa nayo.

Basi mwaka huu, tukiwa tumeshazoea ukimya kama watu wanavyozoea paa linalovuja, likapita gari la matangazo. Mkunguni Jazz wamepatana. Chiriku na Mashoto, jukwaa moja, Ukumbi wa Pwani hapo karibu na Mnazi Mmoja, dansi la mchana, Jumapili mbili tu, kisha kila mtu anarudi alikokuwa. Baba alisimamisha cherehani. Baba Eliya alibaki ameshika pedeli mkononi kama mtu aliyesahau inafungwa wapi. Hakuna aliyenituma kitu.

Mtaa ulichanganyikiwa kwa furaha. Wanaume wazima walimletea baba suruali zao za bugaluu za enzi zile, pana miguuni, awaongezee kiuno. "Miguu iko vilevile, Baba Salumu," mmoja alimwambia, "ni tumbo tu limepata cheo." Mama zetu walitoa uvunguni viatu vya raizoni, vile vya soli nene, wakawa wanajaribu kutembea navyo uani huku wameshika ukuta. Watu walioana wakati wa nyimbo zile, wakazika wakati wa nyimbo zile.

Jumapili ya kwanza tulipigwa. Watu walisukumana tu dirishani, hakuna mstari, dirisha likafunguliwa kidogo likafungwa, na tiketi zote zikaonekana kwa Pama. Huyu Pama ni kijana mrefu, amepewa jina kwa sababu ya kofia yake ya pama, yeye na wenzake walikuwa wamesimama kona wanauza mara tatu ya bei ya dirishani. Wenye kitu walinunua. Wengine tulibaki nje. Nilimwona karani mmoja wa Posta, tai shingoni, amekaa ukingoni mwa mtaro anatazama viatu alivyovipiga kiwi kuanzia alfajiri. Baba alirudi nyumbani kwa njia ya Uhuru, Baba Eliya kwa njia ya Msimbazi, wasije wakaonana wote wamekosa.

Jumatatu Bi Tausi akapita mtaani na sinia lake la kashata. "Jumapili ni mawe," alisema kila baraza. Basi.

Jioni baba akaniita pembeni, akajifanya anatafuta sindano. "Niwekee jiwe. Na wa ng'ambo asijue." Kabla sijafika kisimani, Baba Eliya naye akanivuta nyuma ya rundo la tairi. "Kijana, niwekee jiwe. Mwenye cherehani asisikie." Nikawaambia wote wawili ndiyo, kwa uso wa kazi.

Jumamosi mchana nilibeba mawe ya watu kwenye gunia, juu ya baiskeli ya kuazima, nikayapanga kuanzia dirishani kwenda nyuma. Jua lilikuwa kali, mgongo umenikatika. Mwishoni yakabaki mawili, la baba na la Baba Eliya, na mimi nikayatoa pamoja nikayaweka pamoja, moja nyuma ya jingine, nikajifuta mikono. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe: halikuwa wazo, ulikuwa uchovu. Fundi mchovu asiguse kazi.

Bi Tausi alikuwa anapita kukagua. "Haya mawili ya nani?"

Nikamwambia. Akanitazama, akayatazama mawe, akanitazama tena.

"Niyahamishe, bibi?"

"Acha," alisema. "La kwangu weka nyuma yao. Nataka kukaa karibu."

Jumapili asubuhi wenye mawe wakaanza kuja. Baba alifika amevaa shati la kitenge alilolishona wiki nzima, akasimama kwenye jiwe lake. Baba Eliya akafika na suti ya kanisani, akaanza kutafuta lake, akaliona, akaona lilipo. Alinitazama mimi kwa macho ambayo nikiyakumbuka hata leo napiga goti. Lakini angeondoka aende wapi? Nafasi ni nafasi. Akasimama. Baba akakaza shingo mbele, Baba Eliya akatazama mbinguni, na nyuma yao Bi Tausi akajimenyea karanga kama yuko sinema.

Tatizo la baba ni chai. Siku akiwa na furaha hunywa birika zima, na asubuhi ile alikuwa na furaha. Nilimwona anahamisha uzito mguu huu, mguu huu. Akanikonyeza.

"Salumu, mwambie wa nyuma—"

"Hapana," Bi Tausi akadakia. "Hapa hakuna tarishi. Kwa mdomo."

Mstari wote ukageuka kutazama, maana Kariakoo nzima inaijua habari ya redio ile. Baba akajikaza kidogo. Akajikaza tena. Jasho likamtoka, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Mwishowe akageuka, akatazama kifungo cha koti la Baba Eliya, akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba:

"Nishikie."

Baba Eliya akakifungua kile kifungo, akakifunga tena. Bado namlaumu kwa kuchelewa kule, baba yangu angeaibika. Halafu akasema, "Nimekushikia. Kimbia, mtu mzima."

Baba alikimbia. Aliporudi hakusema asante, ila alisimama ubavu, si mgongo. Baadaye kidogo Baba Eliya naye akasema "nishikie", na mimi nilikuwa nimemwona asubuhi, hakunywa hata maji.

Dirisha likafunguliwa. Mstari ulikuwa umenyooka, watu wanasogea kwa adabu. Walipopata wachache wa mbele kabisa, dirisha likafungwa pu. "Zimekwisha," sauti ikasema ndani. Na kwa mlango wa nyuma wa ukumbi akatoka Pama, anajifuta midomo baada ya soda aliyokunywa huko, mfuko wa shati umevimba.

"Njooni wazazi wangu," alisema. "Mambo yote yako huku kona."

Mtu mmoja akatukana, wengine wakaanza kuinama kutafuta cha kumrushia, na vya kurusha vilikuwa chini ya miguu yetu kila mmoja na lake. Ingekuwa vita. Bi Tausi akapanda juu ya jiwe lake.

"Wekeni chini. Kila mtu akalie la kwake." Watu wakasita. "Nimesema kaeni. Huyu kijana anajua kuuza, kusubiri hajui. Sisi tumesubiri sukari, tumesubiri sabuni, tumesubiri kanga mpaka mitindo imepitwa. Nani hapa hawezi kusubiri mpaka dansi lianze? Likianza, tiketi zake ni karatasi za kufungia kashata. Nitazinunua mimi."

Tukakaa. Mstari mzima, kuanzia dirishani mpaka kwenye kona ya kinyozi, watu na suti zao, wamekalia mawe. Pama alicheka. Akapita anatupepea tiketi usoni. "Mtakaa mpaka muote mizizi," alisema. Akaenda, akarudi. Akapunguza kidogo. "Bei ya dirishani," Bi Tausi alisema bila kuinua macho. Akaenda tena.

Ndipo mle ndani wakaanza kujaribu vyombo. Tumba kwanza, halafu gitaa, Mashoto mwenyewe, akipandisha taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani. Baba Eliya akafumba macho. Kisha kipaza sauti kikakoroma, na Chiriku akaimba maneno mawili tu, akaacha. Mtu mmoja nyuma yetu alilia waziwazi. Baba akasimama.

Pama aliliona hilo kabla yetu. Akaja mbio, akachutama kama anayembembeleza mtoto. "Mzee wangu, wewe ni mtu wa Chiriku, nakuona. Leo ndiyo mwisho, kesho yuko kwenye treni. Moja tu, ya kwako, hakuna atakayejua."

Mkono wa baba ulikuwa tayari mfukoni. Nami nilijua, na kila mtu alijua, kwamba akinunua huyu, atanunua na wa mbele yake, na foleni imekufa. Mkono mwingine ukashika upindo wa shati la kitenge, ukalivuta chini.

"Kaa, Baba Salumu."

"Nikikosa je?" baba aliuliza. Hakuwa anamuuliza Pama. "Hawa hawatarudi tena, Baba Eliya. Tutazeeka."

"Tukikosa tutakosa wote. Tumeshakosa peke yetu miaka yote hii, umeona raha yake?"

Baba akakaa.

Dansi likaanza tukiwa bado nje. Mlango ukafunguliwa, waliopata wakaingia, wimbo wa kwanza ukapigwa wote mpaka mwisho, nasi tumekaa. Pama jasho lilikuwa limeilowesha kofia. Wimbo wa pili ulipoanza akaja mwenyewe mbele ya Bi Tausi, amenywea.

"Haya bibi. Bei ya dirishani."

"Kwa mstari," Bi Tausi alisema. "Kuanzia jiwe la kwanza. Na uvue kofia, unaongea na wakubwa."

Akavua. Akapita jiwe kwa jiwe, na sisi tunawahesabu kwa macho waliobaki. Alipofika kwa baba akatoa tiketi moja, akageuza mfuko nje. Ulikuwa mtupu.

Baba aliishika ile tiketi, akamtazama aliye nyuma yake. "Nenda wewe," alisema. "Mashoto wako anapiga vizuri leo."

"Ni yako, nenda. Chiriku wako hajakauka koo."

"Nimesema nenda."

"Nami nimesema siendi."

"Wewe ndivyo ulivyo, hata ukipewa unabisha."

"Na wewe ukitoa unatoa kwa amri."

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, wanaivuta tiketi huku na huku, wimbo wa pili unakwisha. Bi Tausi akanyoosha mkono katikati yao akaichukua. "Mtaichana," alisema. "Nitawaletea habari." Akaniachia sinia la kashata, akaingia ndani anatikisa mabega.

Sisi watatu tulisikiliza dansi lote ukutani. Kuna jambo ambalo ukumbi ule hauwaambii waliolipa: ukikaa dirisha la mbele, unasikia sauti tupu, ukizunguka mlango wa nyuma, unasikia gitaa tupu. Basi wazee walikuwa wanahama. Wimbo huu mbele, wimbo huu nyuma, wamebeba mawe yao ya kukalia, na kila wakihama wanabishana. Tukala kashata za watu mpaka sinia likang'aa, na Bi Tausi alipotoka akatulipisha bei ya dirishani.

Kesho yake Baba Eliya alibisha hodi chumbani kwetu, ana betri mkononi. Walizitia kwenye redio kwa heshima kama wanalaza mtoto. Kimya. Zilikuwa zimetoa maji na kutu.

"Umezitunza vizuri," baba alisema.

"Na wewe umeilisha redio mende."

Wiki ile ile ikanong'onwa kwamba duka la ushirika linashusha betri. Nikachukua gunia langu. "Niwawekee mawe?"

"Wewe kaa, pumzika," baba alisema. "Tunakwenda wenyewe."

Nilipotoka shule nikapitia kule, si kwa ubaya, jicho la fundi tu. Niliwakuta mstarini wamekaa juu ya boksi lililokunjuliwa, wanabishana kwa raha zao, na mbele yao kuna jiwe. Nikatafuta la pili. Mbele, nyuma, chini ya boksi, sikuliona. Jiwe moja, mtu mmoja, sheria ya Bi Tausi mwenyewe. Nikamtazama Bi Tausi aliyekuwa nyuma yao. Akainamia sinia, akaanza kupanga upya kashata zilizokuwa zimepangika.

"Hili la nani?" niliuliza.

"Letu," wakasema kwa pamoja.

"Nenda kasome," Baba Eliya akaongeza.

Nikaenda. Shingo yangu ilikuwa imenyooka, haina tena pa kugeukia.